Kijana wa Bura, lini mara ya mwisho ulikula kwa jirani?

Jibu haraka bila kufikiria: mara ya mwisho kula chakula cha kabila lisilo lako, kilichopikwa na wenyewe, ilikuwa lini? Chipsi hazihesabiki. Chapati pia usituambie, chapati ni ya kila mtu.

Tunauliza kwa sababu kuna kazi ambayo vijana wenzako wa miji mingine wanaifanya, na hapa kwetu bado inaonekana kama mzaha. Mgeni analipa, kijana anamtembeza mtaani kwa miguu, wanasimama kwa muuzaji huyu kuonja hiki na kwa yule kuonja kile, na kila kituo kina hadithi yake. Basi. Hakuna gari la watalii wala simba. Zanzibar, jua likitua pale Forodhani, mgeni anasukumwa kutoka kwenye urojo hadi mishkaki hadi maji ya muwa. Mombasa, Mji wa Kale una viazi karai na kahawa chungu. Nairobi kuna wanaotembeza watu Eastleigh kwa ajili ya anjera na nyama ya ngamia. Na kama hukujua, soko la kisasa la Eastleigh lilianzia kwenye nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge, ambako mapema miaka ya 1990 wakimbizi kutoka Somalia walianza kuuzia bidhaa vyumbani mwao. Jina letu liko kwenye biashara ya watu, sisi wenyewe tumekaa kwenye kivuli tunasema hakuna kazi.

"Lakini Bura kuna nini cha kuonyesha?" Hilo ndilo jibu tunalolisikia, na halijatushawishi.

Kwanza tuelewane ni Bura ipi, maana ziko mbili na mto Tana uko katikati. Bura ya mashariki iko Fafi, Kaunti ya Garissa. Bura ya magharibi, ile ya skimu ya kunyunyizia maji, iko Kaunti ya Tana River, na watu wake wengi wakitaka benki au hospitali kubwa huelekea Garissa. Serikali imechora mpaka hapo. Mbuzi, nyanya na harusi havijaujua.

Sasa skimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, iliamua kulima pamba kwenye nyika hii. Mapema miaka ya 1980 familia zilianza kuletwa kutoka pembe zote za Kenya, watu wasio na ardhi, wakachanganywa na wenyeji wa Tana na kugawiwa vijiji ambavyo hadi leo tunaviita kwa namba. Mkikuyu, Mkamba, Mluhya na Mjaluo wakajikuta majirani wa Mpokomo, Muorma, Mwardei, Mmalakote na Msomali. Kisha mwaka 1989 maji yakakatika. Mto ulihama, pampu zikafa, mashamba yakakauka, na skimu ikawa mfano wa kufundishia wanafunzi jinsi mradi wa gharama kubwa unavyoanguka. Wengine walifunga virago. Wengi walibaki, wakazaa, wakazika wazazi wao hapa. Wewe unayesoma huenda ni mjukuu wao.

Hayo yote unaweza kuyasoma kwenye ripoti. Au unaweza kuyala, kwa asubuhi moja na jioni moja.

Anza saa moja asubuhi kabla jua halijakasirika. Kituo cha kwanza ni anjera na chai. Anjera ya moto ina matundu juu kama sega la nyuki, na ukiimwagia samli na sukari, utaacha kuuliza mkate uko wapi. Chai ina iliki na tangawizi na sukari ya kutosha kumsimamisha mgonjwa. Ukipata suqaar pembeni, ile nyama ya vipande vidogo iliyokaangwa na vitunguu na hoho, chukua. Kama kuna mtu aliyefunga safari ndefu, muulize kama amebeba nyirinyiri. Hiyo ni nyama iliyokaushwa na kukaangwa, ikahifadhiwa ndani ya samli. Ilibuniwa na watu wanaohama na mifugo, wasio na friji wala haja ya friji.

Ukitoka hapo nenda kwa akina mama wa maziwa. Hapa usiharakishe. Maziwa ya ng'ombe huletwa na Waorma, ya ngamia na Wasomali, na ukionja yote mawili yakiwa yamelala utajua tofauti bila kuambiwa. Ile ladha ya moshi si uchafu, ndugu yangu wa bara. Chombo hufukizwa kwa moshi wa miti maalumu kabla ya kutiwa maziwa, ili maziwa yasiharibike upesi kwenye joto hili. Muulize mama ni mti gani, na kwa nini huo na si mwingine. Hapo utapata somo la kemia ambalo hukupata sekondari. Na kama ni mara yako ya kwanza ya ngamia, kunywa nusu kikombe. Tumekuonya.

Pumzika mchana. Hakuna anayetembea Bura saa saba mchana kwa hiari yake.

Jioni saa kumi, ingia vijiji vya skimu. Hapa kuna githeri, ambayo Mpwani akiiona ataiita pure, na mtabishana hadi sufuria iishe. Kuna muthokoi wa Mkamba, mahindi yaliyokobolewa kwa subira. Kuna ugali na mboga za kienyeji zilizopandwa kando ya mfereji, mbegu zikiwa zilisafiri kwenye mizigo ya bibi mmoja kutoka magharibi miaka 40 iliyopita. Mama anayekupakulia hakuzaliwa kijijini kwa babu yake. Amezaliwa Bura. Muulize nyumbani ni wapi, halafu nyamaza usikilize, kwa sababu jibu hilo halina neno moja.

Kituo cha samaki ndicho kigumu, na ndicho tunachokipenda. Kambare wa Tana akikaangwa vizuri, nje anakauka na ndani anabaki laini. Mpokomo alikua naye. Lakini kijana mwenzetu wa jamii za ufugaji, wewe unajua ulivyoambiwa nyumbani kuhusu watu wanaokula samaki. Na wewe wa skimu, unajua utani unaorushwa kuhusu maziwa ya ngamia na watu wake. Tunacheka, lakini utani huo una meno. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, kusini mwa kaunti hiyohiyo ya Tana River, Wapokomo na Waorma waliuana na watu zaidi ya 100 wakafa, kwa sababu ya malisho, mashamba, maji na siasa. Chakula hakikuanzisha vita vile, na sahani ya samaki isingevizuia. Ila waliobeba silaha wengi walikuwa vijana wa umri wako. Ni rahisi zaidi kuamini uvumi wa WhatsApp kuhusu nyumba ambayo hujawahi kunawa mikono mlangoni mwake.

Malizia kwa nyama. Aleso, lile pande la mbuzi lililoiva hadi linaachia mfupa, juu ya wali au tambi. Tambi ziliingia chakula cha Kisomali wakati Italia ilipotawala kusini mwa Somalia. Chungulia jikoni uone makaa. Huenda ni ya mathenge, ule mti uliopandwa hapa miaka ya 1980 ili skimu isikose kuni, kisha maji yalipokatika ukaamua kuyateka mashamba na mifereji. Tunautukana kila siku, nao ndio unaotupikia.

Halafu angalia pembeni mwa sahani. Kuna ndizi mbivu. Mgeni wa mara ya kwanza hudhani mhudumu amekosea, amechanganya matunda na nyama. Hapana, inaliwa pamoja, tonge la wali na kipande cha ndizi. Muulize mwenye hoteli ndizi imetoka wapi. Ikiwa ni ya mto, basi ililimwa ukingoni mwa Tana, pengine na Mpokomo au Mmalakote, ikanunuliwa na mchuuzi, ikafika kwenye meza ya Msomali kukamilisha chakula ambacho bila hiyo anakiona kina kasoro. Mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024, mto ulipofurika, ukameza mashamba ya ukingoni na barabara ikakatika kule upande wa Madogo, mkulima alipoteza shamba na mwenye hoteli akaanza kuhesabu ndizi. Kabla ya hapo ilikuwa ni ukame, misimu 5 mfululizo bila mvua ya maana, na mfugaji ndiye aliyekuwa akihesabu mizoga. Wanaokuja na kamera huja wakati huo. Wanapiga picha ya mzoga, wanaondoka hata chai hawajanywa. Tungependa kwa mara moja mtu aje na njaa yake mwenyewe, alipe, ale, ashibe.

Sasa pesa, maana najua umekuwa ukisubiri. Tuseme una wageni 6, kila mmoja analipa 1,500. Hiyo ni 9,000. Vituo 5, na kila mwenye chakula anapata 150 kwa kila mgeni kwa kionjo tu, si sahani nzima: 4,500 zimekwenda kwa akina mama na wenye hoteli. Msaidizi wako 1,500, maji ya kunywa 300. Umebaki na 2,700 kwa siku moja ya kupiga domo, kazi ambayo tayari unaifanya bure kwenye baraza. Si utajiri. Lakini Jumamosi nne kwa mwezi si haba kwa mtu aliyekuwa na sifuri. Wageni watoke wapi? Anza na walio karibu: walimu na wauguzi waliohamishiwa huku ambao hawatoki nje ya lango, wafanyakazi wa mashirika walioko Garissa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa ambao wengi wao wametoka mbali na hawajui zaidi ya kantini.

Yapo mambo ya kuheshimu, na hatutayazungukazunguka. Lipa mwenye chakula kabla mgeni hajaonja, wala usimwambie mama "ni matangazo". Matangazo hayanunui unga. Hakuna picha ya mtu bila ruhusa yake, na ukiambiwa hapana na mama wa maziwa, usirudie swali. Mweleze mgeni mapema kuhusu halali, mavazi na mkono wa kulia. Mwezi wa Ramadhani, ziara ya mchana iache kabisa, subiri futari, na uone kama hautapata ziara nzuri kuliko zote za mwaka. Wauzaji utakaowachagua wawe na vyeti vya afya vya kaunti. Ukiona mambo yanakua, katafute leseni ya kuongoza watalii, sheria ya utalii ya 2011 inaitaka. Na uliza hali ya usalama kwa chifu kabla ya kualika mtu kutoka mbali. Tunaishi hapa, tunajua tunasema nini.

Lakini kuna jambo moja la kufanya kabla ya hayo yote, nalo halihitaji leseni. Huwezi kumtembeza mgeni mahali ambapo wewe mwenyewe hujafika. Ukweli ni kwamba wengi wetu tumekulia Bura tukipita mbele ya jiko la jirani kila siku bila kuketi. Tunajua harufu tu. Mgeni akikuuliza samaki huyu ana ladha gani utajibu nini? Ati umesikia ni mtamu?

Kwa hiyo ziara ya kwanza iwe ya bure, isiwe na mgeni hata mmoja. Tafuta wenzako 5, kila mmoja wa nyumba tofauti. Kila mmoja aongoze kituo kimoja, kile cha kwao, na aongee na mama yake mapema ili asishtuliwe na umati. Asiyekunywa ya ngamia aonje. Asiyekula kambare aonje, na kama imani yake au tumbo lake linakataa kitu, akae tu, ashike kikombe, asikilize. Andikeni majina ya vyakula jinsi wenyewe wanavyoyatamka, bei, saa vinapoiva, na nani alimfundisha mpishi. Daftari hilo ndilo mtaji wenu.

Jumamosi hii inafaa. Anjera huisha mapema, usichelewe.