Mupira wa moto si kiatu

Kila jumamosi jioni, huku kwetu Bukavu, pikipiki zinapanga mustari kando ya ziwa. Vijana wanaziosha muzuri. Kazi yao tunaiheshimu, inalisha familia. Lakini kisha sabuni na maji, kijana anachovya kitambaa mu chupa na kupakala mipira yote miwili mpaka ing'ae sawa viatu vya bwana arusi. Hakuna mutu aliyemuomba. Dereva naye hakatai, juu patroni atapita kesho kuangalia moto yake, na patroni anapenda kuona inang'aa.

Nasema hiyo desturi ikomeshwe.

Mupira wa gari uko bapa: ubavu wake haugusi barabara. Ukiupakala, hatari iko, lakini ni ndogo. Moto ni ingine. Mupira wake ni wa muviringo, na sehemu inayogusa chini haipite kiganja cha mukono. Ukikata kona, moto inalala, na ile pembeni iliyopakaliwa njo inashikilia watu wawili, ao watatu sawa tulivyozoea, pamoja na mufuko wa makala. Kwenye mitelemuko ya kutoka Kadutu kushuka Ibanda, mvua ya mwezi wa 11 ikinyesha, nani anataka mafuta pale?

Kuko silikoni ya dukani, na kuko dawa ya bei ndogo: mazutu, ao mafuta ya vidanji. Silikoni haitoki kwa maji peke yake. Mazutu ni mubaya zaidi, inakula kauchu yenyewe, inavimba, inalegea. Na hata haina lazima: kiwandani wanachanganya nta mu kauchu ili isipasuke mbio.

Tena kuko freni. Mupira ukizunguka, mafuta yanaruka, yanafika ku disiki. Plaketi zikisha kunywa mafuta, kuzisugua na musasa hakusaidii, lazima kuzibadilisha. Dereva anavuta freni, moto inaendelea tu. Na wengine wanapakala hata kiti! Mama amekaa nyuma na mutoto mugongoni, dereva anafunga freni gafula, mama anateleza na kumusukuma dereva ku gidoni.

Hapa niseme pia juu ya mipira ya okazyo. Wauzaji wengine wanaipakala nyeusi ti, na nyufa hazionekane tena. Usidanganywe na weusi. Pangusa ubavu, tafuta namba ine za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 2319 maana yake mupira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Kisha uukunje na vidole. Ukiona mistari sawa udongo wa kiangazi, rudisha, hata wakikupunguzia bei.

Wa kwanza ninayemulaumu si kijana wa kuosha, ni patroni. Yeye njo anaweza kusema neno moja: janti na tanki muzing'arishe mupendavyo, mipira na kiti muache. Mashirika ya madereva wa moto nayo yanaweza kupeleka neno hilo kila pahali pa kuoshea. Wapolisi wa barabara wanajua sana kutuuliza karatasi. Sijaona hata mumoja akiinama kugusa mupira.

Kwa dereva ambaye moto yake imesha kupakaliwa leo: chukua brosi na sabuni ya unga, sugua mipira yote, hasa pembeni, suuza, rudilia mara ya pili. Pangusa disiki na alkoli kwa kitambaa safi. Kisha jaribu freni pahali pa tambarare, polepole, bila mteja. Kama ingali inateleza, peleka kwa fundi mbele ya kubeba mutu.