Lango Likifunguliwa, Ni Nani Atakayempokea?



Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba ya zamani mnamo Desemba 1991, neno lililokuwa vinywani mwetu sote lilikuwa uhuru. Tuliukataa utawala uliowaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Lakini wako Wakenya ambao hawakushtakiwa kwa kosa lolote, waliokaa miaka nyuma ya kuta kwa sababu ya maradhi ya akili, na siku lango linapofunguliwa hawana wa kuwapokea. Uhuru wa namna hiyo ni nusu uhuru.

Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, zama za ukoloni, ikiitwa makao ya wendawazimu. Kutoka Nairobi hadi Machakos ni kilomita zipatazo 60 tu, ila kwa aliyelazwa muda mrefu safari hiyo ni ndefu mno. Huenda akakuta kitanda chake kimepewa mwingine, sehemu yake ya shamba imegawanywa, na jina lake limegeuka kuwa "yule wa Mathari". Dawa aliyotoka nayo huisha. Nauli ya kliniki haipo. Ugonjwa hurudi, naye hurudishwa alikotoka. Majirani husema, "Tulijua hatapona." Lakini mche uliopandwa kiangazi bila kumwagiliwa maji haulaumiwi kwa kunyauka.

Waumini wanakijua kisa cha Injili ya Marko, sura ya tano, cha mtu aliyeishi makaburini akifungwa minyororo. Alipopona aliomba kumfuata Yesu, naye akaagizwa arudi nyumbani kwa watu wake. Tukumbuke pia kwamba wenyeji walipomwona ametulia, amevaa nguo, waliogopa. Uponyaji ulikwisha kutendeka. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kijiji.

Kazi hiyo inawezekana. Katika mji wa Geel, Ubelgiji, familia zimewakaribisha wagonjwa wa akili majumbani mwao kwa karne nyingi. Nchini Nigeria, kuanzia mwaka 1954, Daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wa Aro katika vijiji vya jirani, wakiishi na wanakijiji huku wakitibiwa. Tanzania nayo, baada ya uhuru, ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wanaopata nafuu, kama kile cha Hombolo, Dodoma.

Nasi Ukambani tuna mwethya. Kwa mwethya tulichimba matuta na kujenga mabwawa. Je, nguvu hiyo itashindwa kumrejesha mtu mmoja katika maisha yake? Kila jumuiya ndogo ya kanisa na kila kikundi cha akina mama kimjue anayerejea kabla hajafika. Watu wawili wamsindikize kliniki. Wazee wa ukoo waihifadhi sehemu yake ya shamba. Aitwe kwa jina lake, apewe jembe, na nafasi barazani. Na mhubiri asimwambie aliyeombewa aache dawa. Sala na dawa hazipigani.

Wapo wanaohofia usalama, na hofu yao tusiidharau. Mtu akianza kukosa usingizi au kujitenga, majirani wanaomjua ndio watakaoona mapema na kumwita mhudumu wa afya. Aliyetengwa haonwi na yeyote mpaka mambo yaharibike.

Hata hivyo, hisani ya wananchi isiwe kisingizio cha serikali. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa matibabu na urekebishaji, pamoja na huduma katika jamii. Basi twende kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, tuulize: dawa za maradhi ya akili zimetengewa fedha kiasi gani? Zinapatikana katika zahanati zipi? Ni mhudumu yupi atakayemtembelea aliyerejea nyumbani?

Wala tusiende peke yetu. Walioyapitia maradhi haya ni raia kama sisi, nao wanajua kinachokosekana kuliko mtaalamu yeyote. Katika kikao kijacho cha bajeti, wapewe viti vya mbele, nao wawe wa kwanza kusema.