Mbunge Akija Kijijini, Nani Anauliza?

Bunge la bajeti likishaahirishwa mwishoni mwa Juni, waheshimiwa hurejea majimboni. Kwa kuwa Singida iko kilomita zipatazo 240 tu kutoka Dodoma, vumbi la magari yao huonekana mapema katika njia za Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni. Ni majira ya mavuno ya alizeti, mvua zimekatika, na kila taasisi, iwe shule, zahanati, kanisa au msikiti, huandaa risala yake. Sisi tunaoshika kalamu katika kamati za misikiti ndio huagizwa kuziandika. Tumeziandika nyingi na kuzisikiliza za wenzetu, na karibu zote zinafanana: shukrani ndefu, kisha orodha ya mabati, saruji, vipaza sauti na mazulia.

Ziara yenyewe ni jambo jema, na ina mfano katika tarehe ya Uislamu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikusudia, Allah akimpa uhai, kutumia mwaka mzima akizunguka katika miji iliyokuwa chini yake, Sham, Misri, Kufa, Basra na kwingineko, miezi miwili kila mahali. Sababu aliyoitaja ni kwamba zipo haja za watu zisizomfikia: watawala wake hawazifikishi, na wenye haja hawawezi kusafiri hadi Madina. Aliuawa mwaka 23 Hijria kabla ya kuifanya safari hiyo.

Tuitazame sababu hiyo kwa makini. Mtawala anatoka ili azisikie haja ambazo hazimfikii. Sasa tujiulize ni haja gani ya kijiji cha Singida isiyofika Dodoma. Msikiti usioezekwa unaonekana na kila apitaye njiani. Kisima ambacho pampu yake imekufa tangu Rajabu, huku akina mama wakipakia madumu juu ya punda kabla ya Alfajiri kwenda kuyajaza kijiji cha jirani, hicho hakionekani kutoka barabarani. Taarifa inayokwenda wilayani huandika kwamba kijiji kina kisima, na haisemi uongo, maana kisima kipo.

Kuna na suala la fedha, ambalo waumini wengi hawajalifafanuliwa. Mbunge anapokabidhi mifuko ya saruji, inaweza kuwa imetoka katika mali yake, nayo ni sadaka. Tumwombee dua na tushukuru. Lakini inaweza pia kuwa imetoka katika Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha hizo ni za Hazina. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayozigawa, wala si mwenye mali. Hapo anayetoa ni mlipa kodi, akiwemo mama anayeuza vitunguu kando ya barabara, naye ana haki ya kujua zimegawanywaje. Tunaijua vyema habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi na mafungu mawili, moja akisema ni la Waislamu na la pili akisema yeye amezawadiwa. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angelikaa nyumbani kwa wazazi wake. Kisa hicho ni cha mtu kupokea, nasi tunazungumzia kutoa, ila kipimo chake kinatufaa: cha ofisi kijulikane, na cha mtu kijulikane.

Singida Mjini ina kumbukumbu yake katika hili. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2015 jimbo hilo liliwakilishwa na Mohammed Dewji, mzaliwa wa hapa, mfanyabiashara mkubwa, ambaye alijulikana kwa kutoa kutoka katika mali yake mwenyewe. Hatuna neno na mwenye kutoa. Ila kwa maoni yetu miaka ile iliwazoesha watu kumpima mbunge kwa alichokuja nacho garini, na kipimo hicho wanakirithi wabunge wasio na viwanda. Asiye na cha kutoa hukwepa kuja, au huja na ahadi.

Mizani ya mbunge iko mahali pengine. Msimu wa 2023 bei ya mbegu za alizeti ilipoporomoka, wakulima wetu walilalamikia mafuta ya kula yanayoingia kutoka nje. Ushuru wa mafuta hayo haupangwi na mwenyekiti wa kijiji wala diwani. Ni jambo la Wizara ya Fedha, la Jumuiya ya Afrika Mashariki na la mjadala wa bajeti, na katika mjadala huo mbunge wa Singida ana kiti na kipaza sauti ambavyo mkulima hana. Familia iliyoshindwa kununua sare za shule kwa sababu gunia la alizeti halikupata bei inapoteza zaidi ya thamani ya bati lolote analoweza kuletewa. Tumuulize basi: ulisimama? Ulisema nini? Waziri alijibuje?

Wapo watakaosema kwamba bila mbunge hakuna linalokwenda. Singida Mashariki wanaweza kutoa ushahidi. Mbunge wao, Tundu Lissu, alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akapelekwa kutibiwa Nairobi na baadaye Ubelgiji. Juni 2019 Spika alitangaza kwamba kiti chake kiko wazi, na Miraji Mtaturu, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Ikungi, akapita bila kupingwa. Ubishi wa haki katika jambo lile una wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba kwa karibu miaka miwili hapakuwa na mbunge wa kupokewa kwa risala, na bado mkutano mkuu wa kijiji ulikuwepo kwa mujibu wa sheria, kila baada ya miezi mitatu, wazi kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Baraza la Madiwani lilikuwepo. Wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulianzishwa mwaka huo huo wa 2019. Kijiji kilichozoea kuuliza katika vikao hivyo hakikuwa bubu.

Turudi kwenye siku yenyewe ya ziara, kwa kuwa hapo ndipo familia zetu zinapohusika zaidi. Mgeni wa Singida hapiti bila kuchinjiwa kuku, na hatutaki desturi hiyo ife. Lakini angalieni nani yuko jikoni. Mbunge anapouliza chini ya mti, "Mna swali?", wanaosimama ni wanaume waliokaa vitini, nao huulizia barabara. Waliobeba maji wanakwangua sufuria ya ugali nyuma ya madrasa, na moshi uko machoni mwao. Mjamzito aliyekwenda zahanati akakuta mlango umefungwa yuko huko huko. Swali la maji na swali la mkunga yanabaki jikoni pamoja na waliostahili kuyauliza. Watoto nao hutolewa darasani, hupangwa juani na dufu zao tangu asubuhi, na mgeni hufika Adhuhuri imekaribia. Kaswida mbili zinatosha, na zianze gari likishaonekana.

Basi kamati ziandae chakula baada ya kikao, hata kama kuku atachelewa. Akina mama wakutane siku tatu kabla, wachague maswali mawili na msemaji wao, naye apewe nafasi ya kwanza. Kila ahadi iandikwe pamoja na jina la ofisi inayohusika, RUWASA kwa maji, TARURA kwa barabara za vijijini, halmashauri kwa zahanati, kwa kuwa mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani na anaweza kuifuatilia humo. Risala isomwe mwisho, na iwe fupi. Majibu yaandikwe kwa mkono unaosomeka, yatiwe tarehe na saini ya mtendaji, yabandikwe ubaoni katika ofisi ya kijiji hadi mkutano mkuu wa robo mwaka unaofuata.