Vinu vya nyuklia: mwenye hisa aulize nani analipa

Nyuklia ikitajwa, wengi hukumbuka Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kwa mwenye hisa iko hatari nyingine isiyohitaji mlipuko, nayo ilionekana wazi katika jimbo la South Carolina, Marekani.

Mwaka 2008 kampuni ya umeme ya SCANA, ikishirikiana na shirika la umma la Santee Cooper, iliingia mkataba wa kujenga vinu viwili katika kituo cha V.C. Summer. Sheria ya jimbo ya 2007 iliiruhusu kampuni kuwatoza wateja gharama za ujenzi kabla umeme haujazalishwa. Bei ilipandishwa mara tisa. Machi 2017 mjenzi, Westinghouse, aliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Julai mwaka huohuo mradi uliachwa, zikiwa zimeteketea takriban dola bilioni 9, na hakuna hata uniti moja ya umeme iliyouzwa.

Hisa za SCANA, zilizozidi dola 70 mwaka 2016, zilishuka chini ya dola 40 mwanzoni mwa 2018. Gawio nalo likakatwa kwa asilimia 80. Ikabainika kuwa wahandisi wa Bechtel walikwisha kuonya mapema, na ripoti yao ikafichwa. Mtendaji mkuu wa zamani, Kevin Marsh, alikiri kosa la udanganyifu na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Wasimamizi walikuwa wapi? Tume ya nyuklia ya Marekani hukagua usalama wa kinu, si mfuko wa mwekezaji. Tume ya bei ya jimbo iliidhinisha nyongeza baada ya nyongeza bila kuoneshwa ripoti ya Bechtel. Kwa maoni yetu, msimamizi asiyeziona hesabu zote hasimamii chochote.

Somo hili si la Wamarekani pekee. Kenya na Uganda zimetangaza nia ya kujenga vinu vya nyuklia, na huenda siku moja hati fungani zikauzwa kwa ajili hiyo. Kabla ya kutoa fedha, muulize dalali wako mambo matatu: ujenzi ukichelewa nani analipa, mkandarasi akifilisika nani anamaliza kazi, na ripoti ya mkaguzi wa nje inasomwa na nani? Asipokuwa na majibu, fedha zako zibaki benki.