Nyuma ya Kikombe



Aendaye Dodoma kutoka Songea kwa njia ya Iringa, akishavuka Mtera, hupita Mpunguzi na Bihawana, penye mashamba ya mizabibu. Wengi hutamani kuyatembelea, pamoja na viwanda vya mvinyo, waonje na kupiga picha. Si vibaya. Lakini twaona ziara hiyo ni pungufu iwapo mgeni hakuzungumza na mkulima.

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Sisi wa Ruvuma twaujua uchungu wa mahindi kukosa mnunuzi. Walau mahindi husubiri ghalani. Zabibu zilizoiva hazisubiri: mnunuzi akichelewa huoza, na mkulima hulazimika kupokea bei yoyote.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yadai divai ya Misa iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Basi kila Dominika twainua altareni jasho la mkulima fulani wa mizabibu. Tukipita huko tushuke garini, tumsikilize, tununue kwake bila kumpunja. Haifai kukiheshimu kikombe na kumdharau aliyekijaza.