MAFUNDI KUCHA MNAOCHONGA MENO YA WATU MBEYA NA IRINGA, ACHENI!

Jamani hili la meno sasa limevuka mpaka. Kuna MC mmoja, Iringa mjini wote mnamjua, sherehe za Kihesa na Miyomboni hazinogi bila yeye. Siku hizi mkono mmoja umeshika maiki, mwingine umeziba mdomo. Watu wanadhani ni pozi. Siyo pozi wadau! Alichongwa meno manne ya mbele abandikiwe meupeee kama ya mastaa wa Insta. Mawili yakadondoka hata msimu wa harusi haujaisha. Sasa akinywa maji tu anaruka kama kakanyaga moto, na baridi ya Iringa mwezi wa saba mnaijua wenyewe.

Aliyemchonga? Fundi kucha. Anayebandika kope ndiye huyo huyo anayebandika meno!

Mbeya nako yale yale. Mdada mmoja wa mitumba pale Mwanjelwa alitamani mwanya. Sawa, mwanya ni urembo wetu tangu enzi za mabibi, hakuna anayebisha. Lakini kupigwa tupa saluni, kwenye kiti cha kusukia? Kucha ukikata inaota. Lile gamba gumu la juu ya jino likishachongwa ndo basi, halirudi mpaka unazikwa. Hata daktari wa kweli akibandika vinia za kauri, mara nyingi anapunguza kama nusu milimita tu, tena kwa vipimo. Hawa wa tupa wanapima kwa jicho.

Halafu utasikia "hospitali ni ghali". Ghali kuliko kurudia kazi mara mbili? Mbeya ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda yenye idara ya meno, na mji huo huo una chuo kinachofundisha matabibu wa meno. Kwa hiyo hii siyo shida ya umbali, ni shida ya kutaka leo leo na kwa bei chee.

Na mastaa nao wabebe lawama zao. Unatengenezewa meno bure, unapiga picha na filta juu, unawaambia mashabiki "nendeni kwa huyu". Picha ya siku ya kwanza haina maana yoyote. Mtu akikuonesha kazi yake, mwombe mteja wa mwaka jana, umuangalie fizi. Zimevimba? Zinatoa damu? Kimbia.

Daktari mzuri wa urembo wa meno utamjua kwa sababu mwanzoni atakukera. Wewe unataka weupe, yeye anataka kuona fizi, anapiga eksirei, anaziba matobo kwanza. Anaweza hata kukwambia kusafisha tu kunatosha, rudi nyumbani na hela yako. Huyo mshike! Muulize pia usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika. Aliyesomea udaktari wa meno miaka mitano chuo kikuu hakasiriki kuulizwa, anayekasirika ana lake.

Kuhusu dawa za kung'arisha ndo usiseme. Ulaya dawa ya dukani hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.1 ya peroksaidi, na ya mpaka asilimia 6 lazima uanzie kwa daktari wa meno. Huku mtu anapakwa kitu kutoka kwenye chupa isiyo na lebo, fizi zikibabuka anaambiwa "inafanya kazi hiyo". Na nyie mliokulia Arusha na Kilimanjaro mkahamia huku, mengi ya madoa yenu ya kahawia ni floridi ya maji mliyokunywa utotoni. Siyo uchafu, na hakuna chumvi wala mkaa utakaoyasugua yakaisha.

Turudi kwa MC wetu. Jumamosi iliyopita kaja ukumbini na barakoa, katangaza sherehe nzima nayo usoni. Mama wa bwana harusi akamletea chai ya tangawizi akidhani ana mafua. Ilikuwa ya moto. Hakuigusa.