Barua ya wazi kwa KETRA, kabla hamjaiwekea kostiki ushuru mpya

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
KETRA (Kenya Trade Remedies Agency), Nairobi.

Mheshimiwa,

Siku moja, pengine si mbali, mezani kwako patatua faili la kiwanda kinacholalamika kwamba kemikali fulani inaingia nchini kwa bei ya kutupa. Huenda ikawa kostiki, huenda silikati. Litakuwa limeandikwa na mawakili hodari, na huenda likawa na ukweli ndani yake. Nakuandikia kabla halijafika, maana sisi tunaopika sabuni ya mche na kujaza sabuni ya maji kwenye madumu hatutakuwa na wakili siku hiyo.

Sheria ya 2017 iliyowaunda inawapa, pamoja na kazi nyingine, kazi ya kuchunguza mizigo ya namna mbili: ile inayouzwa huku kwa bei ya chini kuliko inavyouzwa kwao, yaani iliyotupwa, na ile iliyoshushwa bei na ruzuku ya serikali ya kwao. Mkithibitisha hilo, na mkithibitisha pia kwamba ndilo lililowaumiza wazalishaji wetu, mnamshauri Waziri juu ya ushuru wa nyongeza. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ninachokiogopa ni mazoea ya kudhani kwamba kila kilicho rahisi kimetupwa.

Kenya ilipaswa kulijua hili kuliko wengi. Mwaka 2012 India iliweka ushuru wa aina hii juu ya magadi soda kutoka China, Umoja wa Ulaya, Marekani, Iran, Pakistan, Ukraine na Kenya. Kenya hapo maana yake ni Ziwa Magadi, kule Kajiado. Magadi yetu yameumbwa na ardhi; huchimbwa ziwani, yakaoshwa na kuchomwa. Wengine duniani huyatengeneza kiwandani kwa chumvi na chokaa, kwa njia ya Solvay inayokula nishati nyingi. Aliyejaliwa ziwa ana nafuu yake, na nafuu hiyo si hila. Halafu kuna swali la bei ya nyumbani. Chini ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, mauzo ya nyumbani yakiwa chini ya 5% ya yale yanayokwenda nchi inayolalamika, wachunguzi wanaweza kuyaweka kando na kujijengea bei kwa hesabu ya gharama. Nchi ndogo inayouza nje sehemu kubwa ya mzigo wake hujikuta ikihukumiwa kwa bei ambayo hakuna mnunuzi aliyewahi kuilipa. Nami naongeza hili pembeni: kiwanda cha Magadi ni cha Tata Chemicals, wenye kiwanda kingine cha magadi soda huko Mithapur, Gujarat, India kwenyewe. Katika biashara hii "sisi" na "wao" hawako mbalimbali kama karatasi za forodha zinavyoonyesha.

Kostiki tunayopikia sabuni ndiyo inayonigusa zaidi, na ndiyo ngumu zaidi kuichunguza. Hutengenezwa kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi, na hakuna mtambo wa namna hiyo unaoweza kutoa kostiki bila kutoa klorini: kila tani 1 ya klorini huja na takriban tani 1.1 ya kostiki. Klorini ni gesi ya sumu, ngumu kuihifadhi na kuisafirisha mbali, kwa hiyo mwenye mtambo mara nyingi huuendesha kwa kufuata soko la klorini, ambalo sehemu yake kubwa ni plastiki ya PVC ya mabomba na fremu za madirisha. Ujenzi ukishamiri Asia, kostiki hufurika na bei yake huporomoka hadi bandarini Mombasa. Ujenzi ukilala, gunia letu la kilo 25 hupanda bei, wala hakuna aliyetudhulumu. Ni kama kinu cha nazi: mafuta yakipata wanunuzi, mashudu hujaa uani na kuondoka kwa bei yoyote.

Sasa mchunguzi wako atakapotaka kujua gharama halisi ya kostiki, itambidi agawe bili moja ya umeme kwa bidhaa mbili. Akigawa hivi, kuna utupaji. Akigawa vile, hakuna. Ruzuku nayo hujificha papo hapo, maana serikali inayouzia mtambo umeme chini ya bei haina haja ya kumpa mtu fedha mkononi. Naomba mgawanyo mtakaouchagua uchapishwe pamoja na sababu zake, ili anayeupinga ajue anapinga nini.

Mkataba uleule wa Shirika la Biashara Duniani unataka ombi liungwe mkono na wazalishaji wenye angalau 25% ya uzalishaji wa nchini. Nchi ikiwa na kiwanda kimoja cha bidhaa hiyo, sharti hili ni jepesi: kiwanda hujiunga mkono chenyewe. Sisi watumiaji tumepewa kifungu 6.12, kinachosema viwanda vinavyoitumia bidhaa inayochunguzwa vipewe nafasi ya kueleza. Lakini tangazo la Kiingereza katika Gazeti la Serikali halimfikii mpika sabuni wa Changamwe.

Kuna na majirani. Mkiipandisha kostiki Mombasa huku Dar es Salaam ikibaki ilivyo, sabuni iliyopikwa Tanzania itavuka Lungalunga bila ushuru kama bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndivyo inavyostahili. Itakayofungwa ni jiko langu. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya hiyo imeweka kamati ya mambo haya katika kifungu 24. Kwa kemikali zinazoingia bandari zote mbili, pale ndipo pa kuanzia.

Hata hivyo, afadhali njia yenu kuliko ile ya Juni, ambapo nchi huomba ruhusa ya kuacha kwa mwaka mmoja kiwango cha pamoja cha ushuru na bei zikabadilika bila mtu kuombwa ushahidi. Kwenu angalau kuna faili, kuna tarehe, na ushuru hukoma baada ya miaka 5 usipohakikiwa upya.

Basi lalamiko likija, tangazeni kwa Kiswahili pia, na kikao kimoja kifanyike Mombasa, mwisho wa wiki, wakati majiko yamepoa. Mkiona ushuru ni lazima, tumieni ruhusa ya mkataba ya kutoza kile tu kinachotosha kuondoa madhara, hata kama tofauti ya bei ni kubwa kuliko hapo. Nitakuja na daftari zangu za manunuzi, na wenzangu nitawaambia waje na zao.

Wako,
Mpika sabuni, Mombasa